Ondoa Huo Udongo Juu ya Mfereji

Kangemi, upande wa chini,
Ng'ambo ya Loresho,
Nairobi.
14 Machi 2025

Mpendwa Kibe,

Nani alikuambia shamba la nduma ni mahali pa kumwaga taka za Westlands? Wewe uko Doha unalala kwa baridi ya mashine, na huku umetufungia maji chini ya nyumba. Aibu!

Haya, sasa salamu. Hujambo, mume wangu? Unakula vizuri? Hicho kifua kilipona? Mimi mguu unauma lakini natembea. Dada yako Jackie ndiye atapiga barua hii picha akutumie, kwa sababu simu zangu siku hizi hushiki.

Ulionyeshwa shamba kwa simu mwezi wa kwanza, wakati wa jua. Ukaona udongo mweusi umepasuka, ukafikiri pamekauka, panafaa nyumba za kupangisha. Kibe, pale hapakauki. Maji yanashuka chini kupumzika tu, mvua ikija yanarudi. Ndiyo maana nduma zangu huwa kubwa kama kichwa chako, na watu wa Spring Valley huziulizia.

Malori yalikuja nikiwa kanisani. Nikarudi nikapata mlima wa udongo, mawe na vyuma, ule wanachimba wakiweka msingi wa maghorofa. Dereva, huyo Odero wako, akaniambia, "Shosho, mimi nimetumwa tu. Mwenye shamba ni Kibe." Nikamwambia nduma zilikuwa hapo kabla baba yake Kibe hajaota meno. Akacheka, akamwaga lori ingine.

Sasa soma pole pole. Chini ya huo mlima kuna mfereji wa guka, babu yako. Aliuchimba mwaka tuliooana, ili maji ya chemchemi yazunguke nyumba yaende mtoni. Wewe mjukuu wetu ulipewa jina lake, ndiyo nakuita mume wangu. Kibe wa kwanza alifungua, Kibe wa pili amefunga.

Maji yamekosa njia, yamegeukia chumba cha Kaindi, yule mpangaji wetu wa chini. Juzi kulinyesha manyunyu tu, na ukuta wake ukatoa matope kati ya mawe. Nilisukuma fimbo yangu ikaingia. Kaindi ana mtoto mchanga, na kitanda chao kimeegemea huo ukuta. Nimewaleta walale kwangu, lakini mchana anarudi huko, eti "Cucu, sitaki kukusumbua." Nikisikia ngurumo upande wa Limuru, roho inaruka. Mvua ya huko hutufikia hata kama hapa hakuna wingu.

Kujenga sikukatazi. Jenga juu, kwa migomba, kwa udongo mwekundu, hata ghorofa. Huku chini tuachie maji.

Msalimie binamu yako Mbugua, mwambie mama yake anamtafuta. Mjomba wako Mungai anakusalimu, na Jackie, na Kaindi pia, ambaye hata hajakukasirikia. Mungu akufunike huko jangwani, na akupe masikio.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Cucu yako,
Wangu

Usinijibu kwanza. Mpigie Odero leo, alete tingatinga aondoe huo udongo kabla mvua haijafika, akianzia upande wa Kaindi. Mwambie asiguse kitu kabla sijafika. Mfereji ulipopita, ni mimi tu nimebaki najua.