Bado Nimo Kwenye Ihramu

Alhamisi, 24 Julai

Nimepiga pasi sare. Nimepanga vitabu. Nimechukua wembe nikate kucha kama kila mkesha wa Ijumaa, kisha nikaurudisha kabatini.

Sababu ni kitabu cha fikihi nilichoazima madrasa. Mwanamke akitufu, yaani akiizunguka Kaaba, akiwa na hedhi, tawafu yake haikusihi na ihramu yake, ile hali ya ibada yenye miiko, haijafunguka. Popote alipo. Nimesoma mara nne.

Mimi nilitufu hivyo, likizo hii, umra yangu ya kwanza. Tulihirimia tukitoka Madina, nikiwa safi. Asubuhi ya kutufu, hotelini Makka, siku zangu zikaja. Nilijua sitakiwi kuingia. Nilitakiwa kumwambia Mama neno moja tu. Lakini kundi zima la akina mama lilikuwa limeshasimama kwenye lifti, ndege yetu ilikuwa kesho yake, na Mama alikuwa analia kwa furaha. Miaka tisa aliingoja safari ile. Nikaona haya. Nikazunguka mara saba nimemshika mkono.

Kwa hiyo niko huku kusini, Rosettenville, mbali na Makka, darasa la kumi, na bado nimo kwenye ihramu.

Jumamosi, 26 Julai

Manukato, hapana. Mafuta ya nywele, hapana. Kukata kucha au nywele, hapana. Glovu, hapana, wala kuziba uso. Niliyoyafanya kabla ya kujua namwachia Mungu.

Mama Chantal, msusi Mkongomani wa nyumba ya pili, kaniita saluni kwake. Chupa ya mafuta tayari mkononi.

"Weye Zuhura, kuya nikusuke! Kichwa imekauka sana!"

Nikasema nina mtihani.

"Mtihani Jumamosi? Hii shule yenu ni ya wazimu!"

Nimedanganya. Na nimo kwenye ihramu.

Jumatatu, 28 Julai

Nyasi za uwanja wa shule zilikuwa nyeupe kwa baridi ya Julai ya huku. Glovu zimebaki begini. Vidole vimepasuka, nimetia damu kwenye daftari la hesabu. Msichana anayekaa nyuma yangu akasema, "Eish, Zuhura, kucha za mchawi hizo." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Najichukia nikicheka hivyo.

Jumamosi Mama anafanya kisomo cha shukrani kwa ajili ya umra yetu. Ameshaalika watu.

Jumatano, 30 Julai

Mama ametundika picha sebuleni. Mimi na yeye, Kaaba nyuma yetu. Nakula nimeipa mgongo.

Jumamosi, 2 Agosti

Nyumba ilijaa. Wa Tanga, wa Dar, wa Unguja. Kisomo kilikuwa kizuri, nilisahau kwa muda. Kisha Mama akatoka jikoni na mrashi.

Akaanza na mimi. Nikaficha mikono mgongoni.

"Jamani, mwoneni hajati wangu! Makka kaenda, marashi anayaogopa!"

Wote wakacheka. Akanifuata, akaninyunyizia kifuani. Nikakimbilia bafuni, nikajifungia, nikavua gauni, nikajimwagia maji baridi. Nilimwaibisha mbele ya wageni wake.

Walipoondoka akaja kugonga. Nikamwambia kila kitu mlango ukiwa umefungwa. Nisingeweza kumtazama.

Akauliza, "Uliogopa nitakupiga? Mbele ya Kaaba?"

"Niliogopa utalia."

Akalia.

Jumapili, 3 Agosti

Mama hanisemeshi. Kanipeleka kwa Mwalimu Rukia wa madrasa bila kusema tunakwenda wapi. Mwalimu akampigia simu shehe anayemwuliza mambo kama haya. Sisi tulikaa kwenye mkeka, tunangoja, Mama akihesabu tasbihi.

Jibu: kwanza toba, maana nilifanya kwa kujua. Kisha wako wanazuoni wanaosema asiyeweza kurudi Makka ni kama aliyezuiwa njiani. Achinje, apunguze nywele kwa nia ya kujitoa kwenye ihramu. Lakini tawafu inabaki shingoni mwake mpaka atakapoweza.

Mwalimu Rukia hakunigombeza. "Hedhi kaiandika Mungu, mwanangu. Haya za nini?"

Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbuzi amechinjwa asubuhi, nyama imepelekwa kwa wenye shida.

Tuliporudi Mama alinikalisha kwenye kigoda jikoni. Akanifungua nywele.

"Umetia nia?"

"Nimetia."

Akakata ncha kwa mkasi, kidogo tu, kulia na kushoto. Akazikunja kwenye karatasi.

Nilidhani tumemaliza. Akachukua wembe, akauvuta mkono wangu mapajani kwake, akanikata kucha zote kumi, polepole, kama nilipokuwa mdogo. Alipofika kwenye nyufa alipunguza mkono. Kisha akanipaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja.

Picha bado iko ukutani. Leo nimekula nikiitazama.

Glovu nimeziweka juu ya begi.