Mizunguko ya Mkono Wako Kwenye Gari la Mwalimu

Kwako Mama, uliyeniita Dani hata kabla sijajua kutembea,

Wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniita Dani, yaani nyanya, nikiwa bado nanyonya. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yako, ulisema huwezi kumtaja mzazi wako kwa jina kavu kavu, hata kama amekukojolea mapajani. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukulaze kaburini, na hakuna mwingine anayeniita hivyo. Wateja wananiita Madam. Ouma, mume wangu, ananiita Achieng', na akikasirika ananiita Bosi. Leo nakuandikia wewe kwa sababu kuna jambo limetokea gerejini kwangu, na kila nikitaka kumsimulia mtu naona atadhani nimechanganyikiwa.

Ndiyo, gereji. Usishtuke, sijawa fundi wa kulala chini ya malori. Nyuma ya nyumba yetu hapa Migori tumejenga chumba cha mabati, kinatosha gari moja na mtu mmoja wa kulizunguka bila kugonga kiwiko ukutani. Sakafu ni simiti laini, kuta nimepaka rangi nyeupe, na mlangoni nimetundika pazia zito la turubai. Kabla ya kuanza kazi nalowesha sakafu ili vumbi litulie. Vumbi la huku unalijua. Magari yanayotoka Macalder kwenye machimbo yanafika yamebeba nusu ya shimo la dhahabu. Nina ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kila moja ina wavu chini ili mchanga ukishazama usirudi juu. Siku ya kwanza Ouma aliponiona nafua vitambaa laini vya kupangusia magari peke yavyo, bila kuvichanganya na nguo, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Hii ni gereji ama ni chumba cha upasuaji? Hata watoto wako hawajawahi kuoshwa na ndoo mbili."

Kazi yenyewe ni kuondoa mikwaruzo kwenye rangi. Mashine inazungusha sponji yenye dawa, inalamba rangi kidogo sana, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, mpaka ule mkwaruzo unakosa pa kukaa. Ukimulika taa, gari linakuwa kama halijawahi kuguswa na mtu. Najua ungecheka. Watu wananilipa nisafishe gari ambalo tayari ni safi.

Wewe ulianza na gari chafu, na ulianzia majini. Biashara ya samaki wa omena ilipokukataa, ulishuka pale ufukweni Homa Bay ambapo vijana walikuwa wanaingiza magari ziwani mpaka maji yafike kwenye magurudumu, ukakunja rinda ukaingia nao. Walikucheka wiki moja. Wiki ya pili wenye magari wakaanza kukuuliza wewe. Siri yako haikuwa siri, kila mwanamke wa pale aliijua. Uliosha gari vile ulivyosugua sufuria: kipande cha gunia, sabuni ya unga, kiganja cha mchanga wa ziwa, na mkono unazunguka, unazunguka, mpaka chombo kiwake. Sufuria zako zilipangwa ukutani zikang'aa kiasi kwamba wageni walizisifu kabla ya kusalimia. "Gari ni sufuria kubwa tu, Dani," uliniambia. "Tofauti ni kwamba hii ina taa."

Kila Jumamosi gari la kwanza lilikuwa Pijo ya buluu ya Mwalimu Odongo, mwalimu mkuu wa shule yetu. Hilo ulilisugua kwa adabu, maana yake ulitumia nguvu zaidi. Ukifika kwenye paa, mkono haukufika katikati, kwa hivyo ulinipandisha mabegani, ukanishika vifundo vya miguu, na mimi nikasugua ile sehemu iliyobaki na kipande changu kidogo cha gunia. Nilikuwa na miaka saba. Kutoka kule juu niliona ziwa lote, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa pananiuma. Nilipokwenda Kisumu kujifunza hii kazi, mkufunzi wetu alituonyesha boneti moja iliyochakaa. Akawasha taa, na rangi yote ikajaa mikwaruzo ya mviringo. "Hili limeoshwa ziwani," akasema, "na wale wa mchanga." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, Mama. Nilicheka kwa sauti ili mtu asije akaniangalia. Mwaka mzima wenzangu waliniuliza kwetu wanafanya kazi gani, na mwaka mzima nikawaambia mama yangu anauza samaki.

Wiki iliyopita Mwalimu Odongo alipiga simu. Amestaafu, yuko hapo hapo Homa Bay, na alikuwa amesikia kwamba mtoto wa Nyar Mfangano, yaani wewe, binti wa Mfangano, anarudisha magari ujanani. Ijumaa alikuja mwenyewe akiendesha ile ile Pijo kupitia Rongo, mzee wa watu, ameshika usukani kwa mikono miwili. Akaniachia funguo, akasema atalala kwa shemeji yake na kurudi Jumapili baada ya kanisa.

Jumamosi asubuhi nililiosha, nikalikausha, nikafunga pazia nikawasha taa ya mkono. Mama, niliduwaa. Nilisimama pale taa imenielemea mkononi.

Ulikuwemo. Gari zima lilikuwa wewe. Kwenye milango mizunguko ilikuwa mipana, kutoka begani hadi kiunoni, na ningeweza kupima urefu wa mkono wako kwa rula. Chini karibu na magurudumu ilikuwa mifupi na imebanana, kwa sababu pale ulipiga magoti majini. Upande wa kushoto, kuanzia mlango wa nyuma, mizunguko ilikuwa imegeuka na kuzunguka kinyume. Nilifikiri sana mpaka nikakumbuka lile bega lako la kulia lililokuwa likikuuma, na vile ulivyokuwa ukihamishia gunia mkono wa pili bila kusema kitu. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama kando yako na sikujua kwamba ulianza kuumia mapema hivyo, kabla hata gari la kwanza halijaisha.

Halafu nikapanda kwenye stuli nimulike paa. Pembeni pote ulikuwa wewe. Katikati, mahali pasipozidi upana wa sinia, palikuwa na mizunguko midogo midogo, ya ovyo, inayokwenda kila upande.

Niliketi kwenye ndoo nikalia. Sikulia kwa huzuni. Sijui niite nini. Ni kama mtu aingie kanisani akute jina lake limeandikwa ukutani na hakumbuki kuliandika.

Nilipopangusa macho nikachukua kipimo cha unene wa rangi, na hapo ndipo nikaogopa. Rangi ilikuwa imebaki kidogo sana. Pijo ya zamani haina ile tabaka ya juu isiyo na rangi, ukisugua unasugua buluu yenyewe. Na wewe ulikuwa umeibeba nyumbani na gunia lako Jumamosi baada ya Jumamosi. Kumbe zile kucha zako za buluu! Tulidhani ni sabuni. Nilijua basi kwamba siwezi kutoa mikwaruzo yote, kuna mahali mashine ingetoboa mpaka rangi ya chini. Ingenibidi nimweleze Mwalimu kwa nini, na Mwalimu angeuliza ni nani alifanya hivi.

Jumamosi nzima nilitengeneza uongo. Nilikuwa na mzuri sana kufikia jioni.

Jumapili alikuja na suti yake ya kanisa. Nikamkaribisha, nikamwonyesha, nikaanza. "Shida ni vumbi la barabara za murram, Mwalimu, na jua la miaka mingi..."

Akanitazama. Unalikumbuka lile jicho, la mtu anayemsikiliza mwanafunzi akieleza jinsi mbuzi alivyokula daftari. Nikashindwa kumalizia.

"Si vumbi," nikasema. "Ni mama. Alikuwa anasugua na mchanga, hakujua. Mwalimu, mama yangu ndiye aliyeharibu gari lako."

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Mke wangu aliniambia, huyu mama atakumalizia rangi. Nikamwambia, rangi ni yangu."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia vipi? Kila akimaliza anarudi nyuma, anaweka mikono kiunoni, anatazama lile gari. Mimi nimefundisha miaka mingi, Achieng'. Watu niliowaona wakiitazama kazi yao namna ile ni wachache sana. Yeye alikuwa anafurahi, na mimi nilikuwa na gari linalotembea. Nilikosa sababu ya kumwambia."

Mama, fikiria. Mtu mzima, kila Jumamosi, analeta gari lake zuri likwaruzwe, analipa, anashukuru, anaondoka. Na hata mkewe akilalamika, wewe hakuambii neno. Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya upendo wa jirani, lakini sijawahi kuuona ukiwa umeegeshwa mbele yangu na magurudumu manne.

Akaniomba taa. Akavua kofia, akalizunguka gari polepole, ameinama, kama anasahihisha mitihani. Nikamsaidia kupanda stuli. Akamulika katikati ya paa, akasogeza uso karibu.

"Na hii ndogo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Mwandiko wako ulikuwa mbaya hata huku," akasema. Kisha akashuka, akanirudishia taa. "Haya. Fanya kazi yako. Kinachotoka kitoke, kisichotoka tutazeeka nacho."

Nimefanya kazi siku mbili. Sponji zilitoka buluu, na maji ya kusuuzia yalitoka buluu. Paa nililipiga kwa mkono bila mashine, na ile mizunguko midogo ya katikati imekwenda. Sikutaka kuibakiza. Wewe hukuwahi kumrudishia mtu gari lenye sehemu iliyorukwa, na ungenitokea ndotoni. Yako imetoka karibu yote isipokuwa mitatu kwenye boneti, upande wa dereva. Hiyo haikubaki kwa huruma yangu. Imebaki kwa sababu ulisugua kweli.

Mwalimu alikuja kulichukua jana mchana. Alipotoka, alikuwepo jamaa mmoja wa Macalder mlangoni na pikapu lake limevaa matope mpaka kwenye vioo. Alikuwa ameiona Pijo ikipita, bado ameshangaa.

"Madam, hiyo kazi ulifundishwa wapi?"

"Homa Bay," nikamwambia. "Ndani ya maji."

Akacheka. "Homa Bay gani? Si huko ndiko kulikuwa na mama fulani anaosha magari na mchanga kama sufuria?"

Nilisikia lile darasa la Kisumu likicheka nyuma ya shingo yangu. Mara hii sikucheka nalo.

"Huyo ni mama yangu," nikasema. "Lete funguo."

Akaleta. Pikapu lake liko ndani tayari, Mama, na linaningoja, kwa hivyo nakuaga hapa.

Binti yako,
Dani