Ndoo Iliyosikika Redioni

Tbilisi, Oktoba 1965

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Zabibu za upande wa mtoni zimeshaingia kwenye mitungi ya mvinyo, au Mama bado anawafokea wachumaji? Sisi wanao wawili tu wazima, ila Jumber amevimba jicho na kichwa pia.

Ameshinda, Baba! Ndiye bingwa wa judo wa mashindano haya ya kimataifa, uzito wa juu. Najua mlisikiliza kwenye redio ya mwalimu, lakini redio haina macho, kwa hiyo acha nikusimulie.

Pambano la kwanza nusura litutie aibu. Mwamuzi alisema waanze, Jumber akabaki amesimama kama mlingoti. Mhungaria akamrukia na kumwangusha, akapata nusu alama. Kocha Shalva alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni: "We Jumber! Unangoja mchumba?" Jumber alishinda kwa taabu, na alipotoka ulingoni alituambia kwa haya kwamba alikuwa anangoja ngoma. Mazoezini alishazoea ukimya, ila alipouona umati mwili ulirudi kijijini, ambako kwenye mieleka hashiki koti la mtu kabla wewe hujaanza kuipiga ngoma.

Nikakumbuka maneno yako siku tunaondoka. Ulisema judo ni wanaume wawili waliovaa nguo za kulalia, wanagombana kimyakimya wasije wakamwamsha mama mkwe. Ukasema pia kwamba, kwa kuwa wanao wote wameikimbia ngoma ya babu, kwenye sherehe ya mavuno utamkabidhi mtoto wa jirani yetu Valiko. Nilicheka siku ile, lakini iliniuma.

Fainali ilikuwa na Mholanzi mmoja mkubwa kama lango la ghala. Alikuwa mbele kwa nusu alama, muda unayoyoma, na Jumber anaburuta miguu. Ndipo mtu mmoja aliyekaa kando ya ulingo akachukua ndoo ya bati ya kufanyia usafi, akamwaga maji, akaipindua na kuanza kupiga, taratibu kwanza, kama uwanjani kwetu wapiganaji wanapozungukana. Mtangazaji akaomba ukimya. Bibi mmoja huko nyuma akamjibu, "Nyamaza wewe, mwache mtoto apigane kama kwao!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha ukaipokea ndoo kwa makofi.

Laiti ungemwona Jumber! Mabega yalilegea, miguu ikaanza kuzunguka, akatabasamu. Mholanzi akaduwaa. Ndoo ilipoharakisha, Jumber aliingia chini ya Mholanzi, akambeba kwa nyonga na kumbwaga chali. Alama kamili! Watu walirusha kofia. Mholanzi, muungwana kweli, alimkumbatia, kisha akauliza kwa ishara ndoo ile inauzwa wapi.

Kocha alimtoa mpigaji nje kwa kumshika sikio, na huko nje akambusu mashavu yote mawili.

Sikio hilo linaniuma hadi sasa, Baba. Mpiga ndoo ni mimi. Ni mimi mchezaji wa akiba ambaye hakuitwa hata mara moja, yuleyule aliyeapa mbele ya Mama kwamba anataka kupigana, si kuwapigia wanaopigana. Nilikaa kwenye benchi lile nikimwonea ndugu yangu wivu, lakini mikono yangu ilipoanza kazi, wivu sikuuona tena. Kila alipokanyaga, alikanyaga juu ya pigo langu. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Bila shaka ulisikia, na najua ulikunja uso pale nilipowahi kupiga pigo la tatu kabla ya wakati wake. Bado nawahi. Nifundishe.

Mtoto wa Valiko mpe mvinyo, mpe jibini, mpe hata yule beberu mkorofi. Ngoma usimpe. Isogeze karibu na jiko ngozi isilegee, maana Jumamosi tunaingia, Jumber na medali yake, mimi na mikono yangu.

Tubusie Mama, na umshukuru mwalimu kwa redio yake.

Mwanao na mpiga ngoma wako,
Anzor