Picha Ikishatulia, Ndipo Mama Aseme

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haikunyesha, joto la Kariakoo limeninata mwilini. Lakini moyo leo ni mwepesi.

Mama alipatwa na kiharusi mwaka jana. Alikuwa anauza khanga hapa sokoni, wateja wakimfuata kwa utamu wa maneno yake tu. Sasa maneno hayatoki. Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, kwa hiyo nikamtengenezea moja kwenye kishikwambi: anagusa picha, picha inakua taratibu mpaka inajaa kioo, halafu neno linasikika. Sauti ni yake mwenyewe. Nimeikata kutoka kwenye jumbe za sauti alizokuwa akinitumia kabla hajaugua.

Wiki nzima programu imemtesa. Picha haijamaliza kukua, sauti imeshaanza, na kioo kinarudi mwanzo na kulikata neno katikati. Akigusa picha yangu anasikia "Rehe", basi. Anadhani amekosea, anagusa tena na tena, sauti zinagongana.

Alhamisi nilimfokea. "Mama, si usubiri!"

Sijamwambia mtu, naandika hapa. Alikisukuma kishikwambi akageukia ukutani. Mama mdogo Zuhura, anayekaa naye Magomeni, akaniambia kwa upole, "Mwache, mwanangu. Usimfanye mwanafunzi."

Na aliyekosea hakuwa yeye.

Leo asubuhi, peke yangu ofisini kwangu, mtaa wa Gerezani hapa Kariakoo, nimeusoma msimbo wa programu mstari kwa mstari. Amri ya sauti nilikuwa nimeiandika chini ya amri ya kukuza picha, nikiamini kishikwambi kitamaliza ya juu ndipo kishuke. Kumbe kinauanzisha tu mwendo wa picha, kisha kinaendelea na mistari ya chini bila kungoja. Nikaihamishia sauti kwenye sehemu ambayo kishikwambi huitekeleza mwendo ukishaisha. Kioo nacho nikakizuia kisirudi, wala kisipokee mguso, mpaka neno liishe.

Mistari minne tu. Na mimi nilimfokea mama yangu.

Baada ya adhuhuri nikaenda Magomeni. "Shikamoo, mama." Akanipa mkono, lakini kishikwambi hakutaka kukiona. Nikamwambia, "Nisamehe. Kosa lilikuwa langu." Nikaigusa mwenyewe picha yangu. Ikakua, ikatulia. Ndipo sauti yake ikatoka yote:

"Rehema, mwanangu, umekula?"

Akaniangalia muda mrefu. Akagusa yeye. Akagusa tena. Mara ya tatu midomo yake ikaifuata ile sauti, kimya kimya, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kisha akagusa picha ya uji.

"Na sukari?" mama mdogo akamuuliza.

Mama akazipekua picha moja moja, ya sukari hakuiona, akanikunjia uso kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Sukari nimesahau kuiweka! Tukacheka wote watatu.

Kesho nitazisikiliza tena jumbe zake zote. Lazima kuna siku aliniagiza sukari.