Dawa Uliyoingoja, Baba

Baba yangu, Mzee Ramadhani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaweza kuketi na maumivu yamepungua. Mimi mwili mzima, ila moyoni sina raha, na ya humu nimeshindwa kuyasema kwa simu.

Dada Zuhura alinipigia Jumanne kutoka hospitali. Akasema mguu wako umekatwa chini ya goti, na daktari aliuliza kwa nini ulichelewa, maana mwanzo kidonda cha kisukari kilikuwa kwenye vidole viwili tu. Ukamjibu, "Nilikuwa nangoja dawa ya mwanangu."

Baba, dawa hiyo haipo.

Kazi yangu huku Uholanzi ni ya kweli. Tunatia majini chembe ndogo mno, zinashikana zenyewe bila gundi, zinakuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hushika maji yakawa jeli, na nyama mpya ikapata pa kujishikiza juu ya kidonda. Lakini tumejaribu kwa panya tu. Jeli yetu hajapakwa mtu hata mmoja, na huenda nikazeeka kabla.

Nilijua hayo siku ulipocheka kwenye simu: "Nyuzi zinazojishona zenyewe! Basi na wewe fundi cherehani kama mimi." Hukuwahi kunisifu hivyo. Ukauliza, "Itafika lini?" Nikasema, "Karibuni, Baba." Mwezi uliofuata ukauliza tena, nikajibu vilevile. Na mguu wenyewe ndio wa kukanyagia cherehani. Naona aibu hata kujiita mwanao.

Kisha nikakumbuka ulimwambia na Bi Mwajuma wa Rusimbi, mteja wako mwenye kisukari, asubiri. Jana nilimpigia, nikamweleza yote, nikamsihi aende hospitali. Akaniuliza:

"Baba yako alijua?"

"Hakujua, Bibi. Mimi ndiye niliyejua."

"Nitakwenda kesho. Lakini mwandikie. Juzi nilikwenda kumjulia hali, bado ananiambia nivumilie, inakuja."

Usimwambie tena hivyo mtu yeyote, Baba. Waambie nilidanganya.

Nisalimie Mama, Dada Zuhura anayekuuguza, na Shangazi wa Kasingirima. Wasomee barua hii yote, usiruke mahali kwa kunionea huruma.

Ni mimi, mwanao,
Salum