Kompyuta Iliyomwita Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na watoto, na Mama hapo kwenu. Vipi presha yake? Na goti? Mwambie aache ushujaa wa kupanda ngazi na ndoo. Mimi mwili mzima, ila roho haitulii hata kidogo. Tangu nianze kuandika nimeshasimama kuchungulia dirishani, nimechemsha chai nikaisahau, nimekaa tena. Ungekuwa hapa ungeniuliza kama nimekalia siafu.

Najua utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Wewe nawe, nikikupigia sifiki neno la tatu hujanirukia. Karatasi huwezi kuikatiza. Basi nivumilie, soma mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Ni habari ya ule ujumbe ulioingia kwenye simu ya Mama, kumkumbusha Baba afike kliniki ya moyo Jumanne asubuhi bila kula kitu. Baba tuliyemzika mwaka jana! Ulinieleza ulivyomkuta Mama kwenye benchi la hospitali, kavaa viatu vya kutokea, anasema alijua wamekosea ila alitaka kuona ni nani huko ndani asiye na habari. Ulinieleza pia ulivyomgeukia karani wa mapokezi ukampa vidonge vyake, na malalamiko uliyomwandikia mkuu wa hospitali, ukitaka yule karani afukuzwe. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningevunja kaunta.

Sasa, Dada, malalamiko yako yamefanya kazi. Karani amerudishwa nyumbani, na keshokutwa anaitwa kwenye kikao. Kila mtu hapa kazini kwetu hospitali anasema atamwaga unga, kwa sababu jumbe za kuwakumbusha wagonjwa hutoka mezani kwake, na siku ile zilikwenda kwa watu chungu nzima, wengine walishapona, wengine walishahama, wengine ndio kama Baba. Nilimkuta anatoa vitu vyake kwenye droo: kikombe, kandambili, miwani ya kusomea. Akaniambia kuwa siku ile hakubonyeza chochote, ila amechoka kulisema. Kisha akaniuliza kama Mama alifika nyumbani salama. Na huyo ndiye uliyeandika kwamba hana utu.

Unajua mkuu amempa nani kazi ya kuchunguza? Mimi. Eti kwa kuwa ndiye fundi wa kompyuta. Kila asubuhi ananiuliza nimefikia wapi, nami namjibu kuwa bado nachimba. Nachimba nini, jamani!

Ngoja nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya mashine moja kubwa tumeweka kompyuta kadhaa zisizoshikika kwa mkono, kila moja inajiona inaishi peke yake: moja ya maabara, moja ya duka la dawa, moja ya miadi ya wagonjwa. Kila moja tunaiwekea nakala za akiba, ili ikiharibika tuirudishe. Unapoirudisha, skrini inakuuliza: mipangilio yake ya mtandao ibaki ile ile, au ipewe mipya? Kama ya kwanza imekufa kweli, unaibakisha, ili irudi na anwani yake na kila mtu aikute alipoizoea. Kama unajaribu tu, na ya kwanza bado inafanya kazi, basi ile nakala unaikatia mtandao kabisa. Ukikosea hapo, unakuwa na nyumba mbili zenye namba moja kwenye mtaa mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka kompyuta ya maabara ilikufa kweli. Niliirudisha bila kubakisha mipangilio. Ikaamka na anwani ngeni, mashine za kupima damu zikaitafuta zisiione, majibu yakakwama asubuhi nzima. Daktari mmoja alinishukia mbele ya wagonjwa, akasema hata mpishi anajua mwiko wake anauweka wapi. Watu wakacheka! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajiapiza kwamba kuanzia siku hiyo, iwe iwavyo, mipangilio inabaki.

Basi mkuu aliponiambia nijaribu kama nakala za miadi zinarudi vizuri, nikachukua moja ya zamani, ya kabla ya msiba wetu. Skrini ikauliza swali lake. Kidole kikaenda chenyewe: ibaki. Nakala ikaamka, ikauona mtandao, ikajidhania ndiyo yenyewe, ikakuta wagonjwa wake hawajakumbushwa. Ikaanza kutuma.

Ningeishia hapa, ungesema ni bahati mbaya, na mkuu naye angenisamehe. Lakini sivyo ilivyokuwa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dada, niliona. Majina yalikuwa yanapita kwenye skrini, na mkono wangu ulishakuwa juu ya kitufe cha kuizima. Ningebonyeza pale pale, zingetoka jumbe chache tu, wala asingeuliza mtu. Ndipo nikaliona jina la Baba kwenye foleni, likisubiri zamu yake. Lina miadi. Lina daktari wake. Mahali pa hali ya mgonjwa pameandikwa kuwa anaendelea vizuri. Mkono ukaniganda. Nilijua namba ya simu ni ya Mama, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeiandikisha. Nilijua, na bado nikalitazama mpaka likapita. Nilitaka aitwe, Dada. Nilitaka pawe na mahali hata pamoja ambapo bado wanamsubiri. Lilipopita ndipo nikazima, nikaenda kunawa uso, nikarudi kukaa kama vile sikuwepo.

Sikumfikiria Mama hata kidogo. Wala karani.

Jana nimekwenda nyumbani kwa karani nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Badala yake akauliza kama Mama anajua. Nikasema hajui. Akasema ya kikao tutayaona huko huko, lakini mzazi asije akayasikia kwa watu. Aibu niliyoipata pale, yule daktari hajaniaibisha hata robo yake.

Keshokutwa naingia kwenye kikao kabla yake na nitasema haya haya. Nawe tafadhali andika malalamiko upya. Makali usiyapunguze hata kidogo, toa tu jina lake uweke langu. Nikifukuzwa, mtanitandikia godoro hapo sebuleni, nami nitafua na kuosha vyombo bila kunung'unika.

Msalimie shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Barua hii mpe Mama aisome mwenyewe. Usimsomee wewe, maana nakujua, utaruka panapouma ili kunilinda. Akimaliza, usimshawishi anipigie wala asinipigie. Mimi nipo hapa, simu iko mezani, na nimeshaiinua mara ngapi sijui kuhakikisha kuwa inashika mtandao.

Mdogo wako, kitindamimba wenu,
Bwana Waya