Kuhusu Kaburi la Mama Yako

Nangurukuru, Kilwa
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Fauzia,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hujambo? Kifua chako kinaionaje baridi ya huko mlimani? Mimi mzima. Mgongo unauma, kazi ya mawe unaijua. Huseni kaka yako hajambo, mkewe kajifungua mtoto wa kike.

Naandika kwa sababu kwenye simu unalia na mimi nashindwa kumaliza. Huseni ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Umesema umepandishwa cheo, sasa wewe ndiye mkubwa wa wanaochungulia nyota zinazolipuka. Hongera. Milipuko naijua. Hapa machimboni baruti ikitaka kupigwa king'ora kinalia, tunakimbia. Nyie mnaifuata.

Ulipokuja mara ya mwisho ulitueleza, nyota ikilipuka simu inakuita, hata umelala unaamka, maana mwanga wake haukai. Mama yako alipoumwa tumbo Huseni alikupigia siku mbili. Simu ya kuongea na sisi ulikuwa umeizima. Unasema ulikuwa na nyota. Nyota yenyewe umesema ilikufa kabla binadamu hajaumbwa. Ingengoja siku mbili.

Usidhani alikulaani. "Mwacheni mtoto, yuko kazini," ndivyo alivyokuwa anasema. Siku ya pili akaacha kusema. Akawa anaangalia mlango.

Alikufa Alhamisi magharibi. Alishausia wewe ndiye umwoshe. Basi tukamweka mpaka kesho yake, wanawake wamekaa na maji yao, tunangoja angalau upige useme nani amwoshe kwa niaba yako. Adhuhuri shehe akasema inatosha. Mamdogo wako Biasha ndiye aliyemwosha. Alipotoka ndani akanambia mbele za watu, "Shemeji, huyo binti yako mwambie siku moja atazame na chini." Watu wakacheka, msibani.

Ile picha ya nyota uliyomletea alikuwa ameibandika juu ya kitanda. Kila mgeni alivutwa chumbani akaione. "Hii mwanangu kaiona wa kwanza dunia nzima." Mimi naona kama yai lililopasuka. Nimeibandua, nimewashia moto wa chai.

Sasa unataka kuja Desemba, ununue saruji, ujengee kaburi, uandike na jina lake. Hapana. Kaburi nililichimba mwenyewe. Kichwani na miguuni niliweka mawe mawili ya machimboni kwetu. Masika imelaza udongo wote, pale nyuma ya msikiti makaburi yanafanana. Ujumbe wako ulipofika nilikwenda nikayang'oa yale mawe. Juzi Huseni kasoma dua kwenye kaburi la mtu mwingine. Nilimwona, sikumwambia. Akisoma hapa ndipo atajua.

Njoo ukitaka. Nyumba ni yenu, wali utakula, kitanda kipo. Kaburi sikuonyeshi. Wewe ndiye umesomea kutafuta vilivyokufa.

Huseni na mkewe wanakusalimu. Mtoto wamempa jina la mama yako, Salima. Mamdogo Biasha amesema nisikupe salamu zake, basi sikupi.

Mungu akupe afya na umri mrefu. Akujaalie na wewe mtoto, awe na akili kama zako, asome, afike mbali kama ulikofika wewe.

Ni mimi nikupendaye, baba yako,
Kondo